Furu kwenye kioo: historia ya samaki kufa

Kuna samaki anaitwa Nyerere. Si utani wa wavuvi. Ni jina lake la kisayansi, Haplochromis nyererei, alilopewa mwaka 1985 na watafiti wawili wa Kiholanzi, Witte-Maas na Witte, kwa heshima ya Mwalimu, mwaka uleule aliong'atuka. Samaki huyo ni furu. Kwa mtu wa Lamadi au Bariadi, furu ni kitu cha kawaida mno kubeba jina la rais: samaki mdogo, miiba mingi, anakaushwa na kuuzwa kwa fungu, na hakuna anayejisifu mbele ya wageni kwamba leo nyumbani wamepika furu. Lakini mtazame dume la huyu Nyerere akiwa hai majini. Mgongo mwekundu, ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, tumbo jeusi. Urefu wake sentimita 10 hivi, na amevaa kama anakwenda harusini.

Leo samaki huyu anaogelea kwenye matangi ya kioo, sebuleni mwa watu Ujerumani na Marekani. Wanamlisha kwa saa, wanampimia maji, na akifa wanaulizana kwa nini. Huku kwetu, Mkoa wa Simiyu unagusa Ziwa Victoria kupitia wilaya moja tu, Busega, na anayefuga samaki wa mapambo mjini mara nyingi huanza na samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China. Tangi linatengenezwa na fundi wa kioo na aluminiamu, linabandikwa kwa silikoni, linawekewa pampu ya hewa. Wiki ya kwanza ni raha tupu. Wiki ya pili au ya tatu samaki mmoja anapanda juu ya maji, anahema. Kesho yake wawili wanaelea. Mwenye tangi anasema, "Hawa walikuwa wagonjwa tangu dukani."

Inawezekana. Ila historia ya kufuga samaki kwenye kioo inasema jambo jingine, tena kwa kurudiarudia: mara nyingi samaki anaumizwa na maji kwanza, halafu ugonjwa unakuja kumalizia kazi. Watu walijifunza hivyo kwa hasara, kwenye vyombo vidogo kabisa. Kisha jambo lilelile likatokea kwa ukubwa wa kutisha ziwani kwetu.

Tuanze na chombo kidogo. Mwaka 1849 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, aliweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini. Watu walikuwa wakifuga samaki kwenye mabakuli tangu zamani, lakini ilibidi maji yabadilishwe kila mara, la sivyo samaki wanakufa. Warington alitaka kujua kama maji yanaweza kujitosheleza. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, halafu majani ya mmea yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakatakata. Mwaka 1850 akachapisha alichokiona. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium. Basi homa ikawashika Waingereza wenye uwezo, kila sebule ikataka tangi.

Homa hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1860 ilikuwa imepoa, na si ajabu: samaki walikufa, maji yakanuka, na watu wakachoka kuzika. Warington na wenzake waliamini kwamba mmea ukitoa oksijeni ya kutosha, kazi imekwisha. Oksijeni ni lazima, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kinachotoka kwa samaki mwenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Kinyesi na chakula kilichobaki vikioza huongeza amonia juu ya ile. Amonia huunguza matamvua, na samaki aliyeungua matamvua anahema hata kama pampu ya hewa inapuliza usiku kucha. Ndiyo maana yule wa Bariadi alipanda juu ya maji.

Kwenye tangi lililozoea, amonia haikai. Bakteria wa aina moja huila na kuacha naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huila naitraiti na kuacha naitreti, ambayo ukali wake ni mdogo sana. Bakteria hawa wanaishi kwenye changarawe, kwenye kuta za kioo, na hasa kwenye sponji ya kichujio. Tangi jipya hawana. Huchukua wiki kadhaa kuongezeka, mara nyingi mwezi au zaidi, na vifo vya wiki ya pili na ya tatu vinaangukia hapo hapo katikati. Mtu akiona maji yana ukungu, anamwaga yote, anaosha changarawe kwa sabuni, anakamua sponji bombani, anaanza upya. Kumbe ameua wafanyakazi wote na kuajiri samaki wapya.

Aliyesaidia sana kuwafichua wafanyakazi hao ni mtoto wa Warington mwenyewe. Naye aliitwa Robert Warington, na kuanzia miaka ya 1870 alifanya utafiti wa udongo katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Alionyesha kwamba amonia shambani hubadilishwa kwa hatua mbili, na kila hatua ina kiumbe wake. Hakufanikiwa kuwatenga. Kazi hiyo ilikamilishwa na Mrusi Sergei Winogradsky karibu na mwaka 1890. Yaani baba alifuga samaki bila kujua nani anawaweka hai, na mwana akawakuta mafundi hao shambani. Mkulima wa Maswa anayetandaza samadi kwenye shamba la pamba anategemea kazi hiyohiyo: amonia ya zizini igeuzwe kitu ambacho mmea unakitumia. Sponji ya kichujio na shamba la pamba ni ndugu.

Magonjwa yenyewe yapo, tusidanganyane. Unaojulikana zaidi ni ule wa vidoa vyeupe, samaki anaonekana kama amenyunyiziwa chumvi na anajikuna kwenye mawe. Kimelea chake kilielezwa mwaka 1876 na Mfaransa Fouquet, akakiita Ichthyophthirius multifiliis. Ukilitafsiri jina hilo unapata "chawa wa samaki mwenye watoto wengi", na jina limebeba maelezo yote ya tiba. Kimelea kinakaa chini ya ngozi ya samaki, kinanenepa, kinadondoka chini ya tangi, kinajifunika, kinajigawa, na kutoka kwenye kimoja wanatoka mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Kikiwa chini ya ngozi, dawa ya majini haikifikii. Kikijifunika chini, haikifikii. Inakipata kikiwa kinaogelea tu. Ndiyo sababu mtu anaweka dawa mara moja, vidoa vinapotea, anashangilia, na baada ya wiki vimerudi maradufu. Wafugaji wengi hutumia chumvi na kupandisha joto polepole, lengo likiwa kuharakisha mzunguko ili wale watoto watoke na kukutana na tiba, tena wanaendelea siku kadhaa baada ya kidoa cha mwisho kupotea. Lakini swali la historia linabaki palepale: kwa nini kimelea kilichokuwepo siku zote kimeshinda wiki hii? Mara nyingi jibu ni maji. Yalikuwa machafu, au yalipoa ghafla, au samaki walikuwa wengi mno, na miili yao ikakosa nguvu ya kujikinga.

Sasa tutoke kwenye tangi twende ziwani, maana huko ndiko hesabu hii ilikofanyika kwa ukubwa.

Ziwa Victoria lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi, furu wakachipuka humo kwa kasi ambayo wanasayansi bado wanaistaajabia: takriban spishi 500, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Wapo wanaokula konokono, wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaokula vidudu vinavyoelea, wanaokula samaki wenzao. Jike hutunza mayai na watoto mdomoni, na wakati huo karibu hali kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyavu za kukokota za utafiti zilionyesha kwamba furu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa hili. Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden kilianza kazi Mwanza, na Frans Witte, mmoja wa waliompa furu jina la Nyerere, alikuwa miongoni mwao. Walikuja kuhesabu utajiri. Wakajikuta wanaandika msiba.

Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, upande wa Uganda, ili awageuze furu "wasio na thamani" kuwa minofu mikubwa. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer alionya kwa maandishi kwamba jambo hilo ni hatari. Mwaka 1962 na 1963 sangara wakaongezwa rasmi. Kwa miaka ishirini hivi ilionekana kama waoga walikosea. Halafu katika miaka ya 1980 sangara wakafurika, na ndani ya miaka michache furu wa maji ya wazi wakashuka chini ya asilimia moja. Inakadiriwa spishi kama 200 zilipotea. Anayefuga samaki nyumbani anaijua kanuni iliyovunjwa hapo, hata kama hajawahi kusoma kitabu: huweki samaki mlaji kwenye tangi moja na chakula chake, halafu ukarudi asubuhi kuuliza wamekwenda wapi. Tofauti ni kwamba kwenye tangi unajua siku hiyohiyo.

Tusimwonee sangara peke yake, hata hivyo. Alijenga nyumba, akasomesha watoto, na nyavu za kukokota zilizokuwa zikivua furu kwa ajili ya chakula cha mifugo zilianza kuwapunguza kabla yake. Zaidi ya hayo, maji yenyewe yalikuwa yanabadilika. Misitu ilikatwa, mashamba yakapanuka, miji ikakua, na mvua ikaanza kuosha udongo, samadi na mbolea kwenda ziwani. Mto Simiyu, uliotoa jina la mkoa wetu, unatoka upande wa Serengeti, unapita kwenye nchi ya pamba na ng'ombe, na kumwaga maji yake Ghuba ya Speke karibu na Magu. Msimu wa mvua maji hayo ni rangi ya chai ya maziwa. Mwani ukashiba, ukaongezeka, ukafa, ukaoza, na kuoza kukala oksijeni ya maji ya chini. Ni tangi la Warington kabla ya konokono.

Ziwa likikosa hewa halichagui mnyonge. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wakubwa walionekana wakielea wamekufa upande wa Uganda. Watu walianza kusema ni sumu. Mamlaka za huko zilieleza kwamba chanzo ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuchanganya maji ya juu na ya chini, na sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi. Mfalme wa ziwa aliuawa na kitu kilekile kinachomuua samaki wa dhahabu kwenye sebule isiyo na umeme usiku mzima.

Kuna kifo kingine ambacho hakina mzoga, na hiki kiligunduliwa kwa msaada wa kioo. Furu mwenye jina la Nyerere ana ndugu yake wa karibu ambaye dume lake ni la rangi ya bluu na kijivu. Wanasayansi walimwita pundamilia, kwa Kiswahili kabisa. Majike wa spishi hizi mbili wanafanana sana, na wao huchagua dume kwa rangi. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi. Chini ya mwanga mweupe, jike alimchagua dume wa spishi yake. Walipobadilisha mwanga ukawa wa rangi moja tu, ambao chini yake nyekundu na bluu hazitofautiani, jike alichagua ovyo. Mwaka 1997 walichapisha matokeo hayo katika jarida la Science, wakayaunganisha na ziwa: maji yakichafuka, rangi zinapotea, na spishi mbili zinazaana mpaka zinakuwa kitu kimoja. Hakuna aliyeliwa. Hakuna aliyeugua. Spishi imeisha tu, kama redio inayopoteza mawimbi.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo nje ya tangi, linganisha visiwa viwili. Makobe kipo magharibi mwa Ghuba ya Speke, ghuba hiyohiyo inayogusa Busega, na macho yanapenya zaidi ya mita mbili ndani ya maji. Hapo Nyerere na pundamilia ni spishi mbili zinazojulikana bila shida. Luanso kipo ndani ya Ghuba ya Mwanza, na maji yake yanakuruhusu kuona kama nusu mita. Hapo mpaka kati ya wekundu na wa bluu umefutika, na wengi wana rangi za katikati.

Kuanzia miaka ya 1980 baadhi ya furu walisafirishwa kwenda kwenye matangi ya Leiden, Boston na kwingineko, na mwaka 1993 mahifadhi ya Marekani yakaanzisha mpango wa pamoja wa kuwazalisha. Wafugaji wa majumbani nao wakachukua sehemu yao. Wapo furu waliopotea ziwani ambao waliendelea kuzaliana ndani ya kioo, kwenye nchi ambazo mvuvi wa Busega hajawahi kuziona. Ni jambo la kushukuru, lakini safina hii nayo ilivuja. Dume mmoja mkali anaua wenzake kwenye tangi dogo. Samaki wanavimba tumbo na kufa kwa chakula kisichowafaa. Majike wa spishi mbili wakichanganywa kwa bahati mbaya, watoto wanatoka chotara na ukoo unakatika. Mfugaji anazeeka, anahama nyumba, anakosa wa kumrithisha. Baadhi ya spishi zilizookolewa hazipo tena hata humo.

Hata wanaobaki hai hubadilika. P. H. Greenwood, aliyewaeleza furu wengi wa ziwa hili, alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki mla konokono wa huku, Astatoreochromis alluaudi, akilelewa kwenye tangi kwa chakula laini hukua na taya dhaifu la kooni. Lile jiwe lake la kusagia haliundwi, kwa sababu hakuna cha kusaga. Ziwani nako kuna mabadiliko, mengine ya kutia moyo. Uvuvi ulipowapunguza sangara, baadhi ya furu wa Ghuba ya Mwanza walirudi kwa wingi. Witte na wenzake walipowapima walikuta kwamba furu mmoja wapo, katika miaka kama ishirini tu, amekuza eneo la matamvua yake kwa zaidi ya nusu. Amejifunza kupumua kwenye maji mabovu. Sisi tusiichukulie hiyo kama ruhusa.

Haya yote yanamsaidia nini mtu wa Bariadi mwenye mizoga miwili kwenye beseni? Kwanza, yanampangia maswali. Kabla ya kukimbilia dawa, auulize mwili wa maji: tangi lina umri gani, samaki wangapi, chakula kiasi gani kinabaki chini, umeme ulikatika saa ngapi. Atoe mizoga haraka, maana ni amonia inayongoja. Abadilishe robo ya maji, asiyamwage yote. Maji ya bomba yenye klorini ayaache yapumue siku moja au zaidi kwenye ndoo wazi. Sponji aisuuze kwenye maji ya tangi lenyewe. Asilishe siku mbili. Samaki mzima hafi kwa njaa ya siku mbili, ila wengi wamekufa kwa huruma ya mwenye nyumba. Samaki mgeni akae pekee wiki chache kwanza. Na aandike: tarehe, nani amekufa, maji yalikuwaje. Tunachokijua kuhusu furu waliopotea tunakijua kwa sababu kuna watu waliokaa Mwanza wakiandika kila kilichoingia wavuni, hata pale wavu ulipoanza kutoka na sangara watupu.

Pili, akichoka kufuga, asiwamwage samaki wake mtoni. Mito ya upande wa Bariadi safari yake inaishia ziwani, na ziwa hili limeshapokea mgeni mmoja aliyeletwa kwa nia njema.

Kipimo cha uwazi wa maji kinachotumiwa na watafiti ni rahisi kuliko tangi lolote: bamba la duara jeupe, au jeupe na jeusi, limefungwa kamba yenye alama. Unalizamisha mpaka usilione, unasoma kamba. Shule yoyote ya ufukweni Busega inaweza kulitengeneza kwa mfuniko wa ndoo na jiwe, ikapima kila mwezi na kuandika ukutani. Kwa furu aliyepewa jina la Mwalimu, namba hiyo ndiyo umbali ambao jike anaweza kumtambua mume wake.